Mshono Uko Wapi? Picha Pana za Ziwa Nyasa na Uhakiki Wetu wa Mandhari

Utangulizi

Katika kuhakiki kazi za fasihi tumezoea kuigawa kazi mafungu mawili, fani na maudhui. Ndani ya fani tunaweka muundo, mtindo, wahusika, matumizi ya lugha na, mwishoni kabisa, mandhari. Nimeyapitia madaftari yangu ya miaka miwili nikaona aibu kidogo. Kila mahali mandhari yamepewa mistari miwili au mitatu: "Mandhari ya riwaya hii ni ya kijijini na mjini." Basi, tumemaliza, tunarukia dhamira! Makala haya yanadai kwamba mistari ile michache inaficha kosa kubwa. Nami nililigundua kosa hilo kwa kutazama picha niliyoipiga mwenyewe Mbamba Bay, si kwa kusoma kitabu.

Msomaji asishangae kuona picha ndani ya uhakiki wa fasihi. Neno "mandhari" lenyewe limebeba mambo mawili: sura ya nchi inayoonekana kwa macho, na mahali ambapo matukio ya hadithi yanatendeka. Hivyo basi mpiga picha wa mandhari na mhakiki wa mandhari ni watu wa kazi zinazokaribiana. Tuanze na mpiga picha.

Picha pana inavyoungwa

Anayetoka Mbinga mjini, huko kwenye milima ya Wamatengo, anateremka kwa barabara ya lami ya kilomita zipatazo 66 hadi Mbamba Bay. Mbinga iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na uso wa Ziwa Nyasa uko chini kidogo ya mita 500. Kwa hiyo ziwa linakutokea kwa chini, lote kwa pamoja, na urefu wake unazidi kilomita 550. Hakuna lenzi ya kawaida inayolimeza. Ndipo mtu anapofikiria kupiga picha kadhaa na kuziunga ziwe moja.

Kazi hiyo ina kanuni zake. Unasimama mahali pamoja na kuigeuza kamera kidogo kidogo, kila fremu ikirudia kama theluthi moja ya ile iliyotangulia. Kiasi cha mwanga hakibadilishwi katikati, ama sivyo anga itatoka na mabaka. Aidha, kamera izungukie kwenye lenzi yake, siyo kwenye bega la mpigaji. Ukizungusha kwa bega, vitu vya karibu vinahama mbele ya vitu vya mbali, na ukuta ulionyooka unakatika pale kwenye kiungo. Baadaye programu inatafuta alama zinazofanana katika fremu mbili: kona ya paa, ncha ya jabali, tawi la mwembe. Njia mashuhuri ya kutafuta alama hizo ilitolewa mwaka 1999 na David Lowe wa Kanada, na mwaka 2003 yeye na Matthew Brown walionyesha jinsi kompyuta inavyoweza kuzitambua na kuziunga picha bila mtu kuzipanga. Siku hizi hata simu ya mkononi inaunga huku unageuka.

Lakini ufundi huu una udhaifu wa aina mbili. Kwanza, maji. Fremu yenye maji matupu haina cha kushika, maana wimbi lililokuwepo sekunde mbili zilizopita halipo tena. Ziwa lenyewe haliungiki. Linaungwa kwa kushikizwa kwenye ufuko, kisiwa au mlima. Pili, kila kinachosogea. Mtu akiwa hapa katika fremu ya tatu na pale katika fremu ya nne, programu inalazimika kuchagua: imwache mara mbili, imkate, au imfute kabisa. Picha pana ya namna hii, basi, inapenda kilichotulia. Jabali linabaki. Mtu anaondoka.

Swali la mama mmoja

Niliyaona haya asubuhi moja, nikiwa kwenye mwinuko juu ya ufuko wa Mbamba Bay. Nilipiga fremu saba. Chini yangu akina mama watatu walikuwa wanaanika usipa mchangani, na mtumbwi mmoja ulikuwa unaingia. Picha iliyotoka ilinifurahisha mno: ghuba nzima, anga moja, maji yasiyo na kovu. Nikateremka nikawaonyesha. Baada ya shikamoo na marahaba, mmoja wao alipokea simu, akaitazama kwa muda, kisha akaniuliza:

"Mwanangu, mimi niko wapi hapa?"

Nikatafuta. Mwenzake mmoja alikuwepo mzima. Wa pili alikuwa na kivuli bila miguu. Yeye mwenyewe hakuwepo. Akaongeza: "Na mtumbwi mbona miwili? Ule ni wa mtu mmoja." Wenzake wakacheka, nami nikacheka, ila sikuwa na jibu. Pale alipokuwa ameinama programu ilikuwa imejaza mchanga safi kabisa, mchanga wa kalenda.

Nasema bila kutia chumvi kwamba swali la mama yule ni swali la kihakiki kuliko mengi niliyowahi kuyajibu kwenye mtihani. Hakusema picha ni mbaya. Aliuliza nafasi yake ndani ya picha inayodai kuonyesha kila kitu. Kumbe ufuko ule haukuwa mtupu hata dakika moja; umefanywa mtupu pale kwenye mshono.

Jicho moja linalodai kuona yote

Tamaa ya kuona yote kwa mara moja ina historia. Mwaka 1787 mchoraji Robert Barker alipata hataza huko Uingereza kwa ajili ya picha ya kuzunguka, na mwaka 1793 akafungua jengo la duara London ambamo mtazamaji alisimama katikati na kuzungukwa na mchoro. Mtazamaji yule alijiona mwenye nchi. Waliochorwa hawakuwa na namna ya kumtazama yeye.

Tunapowafikiria wageni waliokuja kwenye ufuko wa Nyasa karne iliyofuata, tunakuta tabia inayofanana na hiyo. Liuli, kaskazini mwa Mbamba Bay, Wajerumani waliiita Sphinxhafen, yaani bandari ya Sphinx, kwa sababu jabali la pale liliwakumbusha sanamu ile ya Misri. Tazama kilichofanyika: fremu ya Misri imeungwa na fremu ya Nyasa, na mshono ukafichwa ndani ya jina. Jina hilo likaingia katika historia ya vita, maana ni pale Sphinxhafen, mwezi wa Agosti 1914, ambapo meli ya Waingereza Gwendolen iliishambulia meli ya Wajerumani Hermann von Wissmann. Anayesoma habari hiyo anamwona nahodha na anaiona meli, na jabali pia analiona. Watu wa Liuli wako wapi? Wamesogea, wamefutwa.

Hali kadhalika mpaka. Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilitia sahihi mkataba mjini Berlin. Malawi huushikilia mkataba huo kusema kwamba mpaka unafuata ufuko wa upande wetu. Tanzania husema mpaka uko katikati ya ziwa. Mgogoro huo uliibuka upya mwaka 2012, mwaka ambao Wilaya ya Nyasa ilimegwa kutoka Mbinga. Sikusudii kuuamua hapa, mimi si mwanasheria. Ninachokiona kama mhakiki ni kwamba waliochora walikuwa mbali, na walishona mahali ambapo kila siku watu wanachota maji, wanaoga na kuvuta nyavu. Mshono si jambo la urembo tu. Kuna anayeishi juu yake.

Sisi wahakiki nasi tunashona

Sasa nirudi kwetu, maana ni rahisi kuwacheka Wajerumani. Tunapoandika "mandhari ya Rosa Mistika ni Ukerewe, Mwanza na Morogoro", tumefanya nini? Tumeunga fremu tatu na kumwondoa anayesogea, ambaye ni Rosa mwenyewe! Katika riwaya hiyo ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, mahali panabadilika kwa kutegemea nani anamlinda Rosa. Nyumbani kuna Zakaria, baba anayempiga kwa ajili ya barua ya mvulana. Shuleni kuna masista. Chuoni Morogoro ulinzi wa namna ile umelegea, na yeye hajawahi kufundishwa kujilinda. Kwa mtazamo wangu, kiini cha riwaya kiko kwenye viungo vya fremu hizo, pale binti anapotoka kwenye mikono ya mlinzi mmoja na kuingia kwa mwingine. Mhakiki anayeorodhesha mahali tu anaifuta njia, na akiifuta njia anabaki akimlaumu Rosa peke yake. Mara ngapi tumesikia darasani kwamba Rosa "alikosa maadili"? Lawama ile inazaliwa na uhakiki wa mandhari uliofanywa haraka.

Mfano wa kinyume tunao. Aniceti Kitereza alimaliza mwaka 1945 kuandika kwa Kikerewe hadithi ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, na tafsiri yake mwenyewe ya Kiswahili ikachapishwa mwaka 1980. Pale nchi tunaijua kwa kazi: kulima, kuvua, kutengeneza pombe, kwenda ukweni. Ukimwondoa mtu, hakuna mandhari yanayobaki. Nakiri kwamba hapa mimi mwenyewe nimeshona: Ukerewe iko Ziwa Viktoria, siyo Nyasa, na nimevuka nchi nzima kutafuta mfano. Mshono wangu nauacha wazi ili msomaji aupime.

Hata kule Mbinga ninaweza kuupima. Kwenye miteremko mikali Wamatengo wanalima kwa ngolo: majani yanakatwa na kulazwa kwa miraba, udongo unafunikwa juu yake, na katikati panabaki mashimo yanayozuia maji yasiburute rutuba. Kwa desturi wanaume walikata majani na wanawake wakafukia. Mwishoni mwa mvua hupandwa maharage. Mahindi yanasubiri mvua zinazofuata. Ukipiga picha pana kutoka mlima wa pili, ngolo inatoka kama kitambaa kilichofumwa, nzuri ajabu. Lakini uzuri huo ni mgongo wa mtu ulioinama, na ni miezi, siyo dakika. Kumwelewa mkulima kunadai kuunga fremu za majira, si za pembe za kamera tu.

Pingamizi

Najua mwalimu mmoja ataniambia: "Kijana, sanaa yoyote inachagua. Huwezi kuingiza kila mtu." Ni kweli, nami sidai hivyo. Aliyechora picha ya mama mmoja tu amechagua, na tunajua amechagua. Tatizo la picha pana ni kwamba inachagua huku ikitangaza kwamba haikuchagua. Ndivyo pia ilivyo sentensi yetu ya "mandhari ni ya kijijini". Inasema kama vile hakuna aliyesimama mahali fulani akaona, kama vile kijiji kilijieleza chenyewe.

Wengine watasema programu za sasa zina uwezo wa kuziondoa kasoro hizo zote. Hapo ndipo ninapoogopa zaidi. Programu ya zamani ilimkata mama yule miguu, na miguu iliyokosekana ikatushtua. Programu bora zaidi itamfuta kwa ustadi hata yeye mwenyewe asishtuke. Fundi cherehani anasifiwa kwa mshono usioonekana, na kwa nguo ni sawa. Kwa ushahidi si sawa.

Hitimisho

Kwa ufupi, mandhari siyo kitambaa kinachotundikwa nyuma ya wahusika. Ni jinsi watu wanavyosogea mahali, pamoja na jicho la anayewatazama. Napendekeza kwa wanafunzi wenzangu kwamba tukifika kwenye kipengele hicho tusiandike majina ya mahali kabla ya kujiuliza mambo mawili: msimulizi amesimama wapi, na nani alikuwa anasogea wakati fremu zinaungwa. Tukijibu hayo, mistari mitatu haitatosha, na dhamira tulizokuwa tunazirukia tutazikuta zimekaa palepale.

Ile picha ya Mbamba Bay bado ninayo. Rafiki yangu alijitolea kuisafisha, aondoe mtumbwi wa pili na kile kivuli kisicho na miguu. Nimemkatalia. Nimeiunga upya kwa mkono, na safari hii fremu ya nne nimeiacha ikae juu ya ya tatu na kingo zake zikionekana, anga ikiwa na rangi mbili. Si nzuri kama ya kwanza. Ila ukitazama upande wa kushoto wa kingo hiyo, mama yuko pale, ameinama, na usipa wake mkononi. Nikijaliwa kurudi nitampelekea. Wenye maoni tofauti nawakaribisha wajibu katika toleo lijalo.