Swichi Janja na Waya Mweusi: Uhakiki wa Maelekezo Yaliyofasiriwa

Katika miezi ya karibuni zimetufikia mezani karatasi kadhaa za maelekezo zilizofasiriwa kwa Kiswahili, zote zikihusu swichi za taa zinazoweza kuamrishwa kwa simu au kwa sauti. Hatutazitaja kampuni zilizozitoa wala wafasiri wake, maana makosa tutakayoyaeleza hayakufanywa na mtu mmoja, na baadhi yake hata sisi tumewahi kuyapitisha bila kuyatambua. Lililotusukuma kuandika ni hili: wengi wa wanaohakiki tafsiri za namna hii humaliza nguvu zao katika kubishania jina la kifaa, kisha huipitisha kwa haraka sehemu ile ambayo ikikosewa mtu hunaswa na umeme.

Basi tulimalize kwanza suala la jina. Yako mapendekezo manne yanayoshindana: swichi janja, swichi mahiri, swichi erevu na swichi maizi. Wanaoikataa ya kwanza husema kwamba ujanja una harufu ya hila, na kwamba mjanja ni yule sungura wa ngano zetu. Hoja hiyo ina uzito. Lakini simu imekwisha kuitwa janja na umma mzima, na uerevu nao, kwa anayekijua Kiswahili vizuri, haukosi hila ndani yake. Wapo pia waliopendekeza swichi ya mtandao. Hilo halifai kabisa, kwa kuwa wataalamu wa kompyuta wamekwisha kulishika kwa maana ya kisanduku kinachounganisha kompyuta za ofisi. Katika makala haya tutatumia swichi janja, huku tukikiri kwamba hatulipendi sana. Likipatikana lililo bora zaidi, litachukua nafasi yake na hakuna atakayedhurika. Maneno yanayofuata ndiyo yanayodhuru.

Ili msomaji aione hatari yenyewe, yafaa tukumbushane jinsi swichi ya kawaida inavyofanya kazi. Swichi hukata na kuunganisha waya mmoja tu, yaani ule wa moto. Kwa hiyo katika nyumba nyingi zilizotandazwa nyaya kwa utaratibu wa Kiingereza, kasha la swichi ukutani lina nyaya mbili: mmoja unaleta umeme, wa pili unaupeleka kwenye taa. Nyutro haifiki hapo kamwe. Imeishia juu darini. Swichi janja, kwa upande wake, ina redio ndogo ndani yake inayopaswa kuwa macho usiku na mchana ili isikie amri, na kwa sababu hiyo aina nyingi hudai nyutro. Zipo zinazojitosheleza kwa kupitisha umeme kidogo ndani ya balbu, nazo ndizo ambazo mwenye nyumba hulalamika kwamba taa zake za LED zinapepesa au zinang'aa kwa mbali hata zikizimwa.

Sasa tuitazame karatasi moja iliyofasiriwa kutoka maelekezo ya Marekani. Ukurasa wa kwanza unamwambia fundi apeleke waya mweusi kwenye skrubu ya umeme unaoingia. Ukurasa wa tatu, ambapo mfasiri ameongeza maelezo yake mwenyewe kwa nia njema, unasema nyutro ni “ule waya mweusi.” Kila ukurasa ni kweli katika nchi yake. Marekani waya mweusi ni wa moto, mweupe ni nyutro, na wa kijani au wa shaba tupu ni wa ardhi. Katika utaratibu wa zamani wa Kiingereza, uliotumika katika nyumba zetu nyingi kongwe, mwekundu ni wa moto na mweusi ni nyutro. Uingereza yenyewe iliubadilisha utaratibu huo kwa nyaya za majumbani kuanzia mwaka 2004, ikachukua kahawia kwa waya wa moto na buluu kwa nyutro. Na hiyo buluu, katika mitambo ya awamu tatu ya zamani, ilikuwa rangi ya mojawapo ya nyaya za moto.

Lakini ndani ya kasha la swichi la nyumba kongwe, mweusi huyo si nyutro wala si umeme unaoingia. Ni waya unaokwenda kwenye taa. Taa ikiwa imewashwa, una volti 230 sawasawa na mwekundu. Fundi mwanafunzi aliyesoma ukurasa wa tatu na kuamini kwamba mweusi ni nyutro, na kwamba nyutro haina madhara, ataushika kwa mkono. Hapo ubishi wa janja na mahiri hautamsaidia.

Kwa maoni yetu, kanuni ya mfasiri iwe moja: waya utajwe kwa kazi yake, na rangi ifuate baadaye, pamoja na jina la nchi au utaratibu unaohusika. Mafundi wetu wamekwisha kutupa maneno. Waya wa moto wanao; nyutro wanayo; ethi wanayo, na wengine husema waya wa ardhi. Limekosekana moja tu, la ule waya utokao kwenye swichi kwenda kwenye balbu. Karatasi tulizozisoma zinauita “waya wa mzigo,” neno ambalo kwa fundi halina maana yoyote. Sisi tunapendekeza waya wa taa, kwa kuwa ndiko uendako.

Maneno mengine yaliyofasiriwa neno kwa neno yanachekesha kabla ya kutisha. Kile ambacho Mwingereza hukiita kwa jina la udongo, Mmarekani hukiita kwa neno linaloweza pia kumaanisha chini. Basi tukapata “waya wa chini,” na fundi akatafuta waya uliokaa chini ya mwenzake. Waya wa umeme unaoingia umeitwa “waya wa laini,” wakati kila mtu nchini anajua kwamba laini ni ile inayotiwa katika simu. Mmoja ameiita nyutro “waya usiofungamana na upande wowote,” tukadhani tunasoma azimio la mkutano wa nchi za dunia ya tatu.

Lakini lililotushughulisha zaidi ni swichi za ngazi, yaani zile mbili zinazowasha taa moja kutoka chini na kutoka juu. Waingereza huihesabu kuwa ni swichi ya njia mbili, na mafundi wetu huiita tuwei. Wamarekani huiita kifaa kile kile swichi ya njia tatu. Mfasiri aliyeandika “swichi ya njia tatu” hakukosea katika lugha hata kidogo. Alikosea kwa kumtuma fundi dukani kutafuta kitu ambacho kwa jina hilo hakipo. Swichi ya ngazi ingetosha, nayo ingeeleweka hata kwa mwenye nyumba asiyejua umeme.

Tuje sasa kwenye ubovu wenyewe. Programu ya simu inapoonyesha kwamba swichi haijibu, karatasi zetu zinasema swichi “imeharibika.” Huu si ukweli. Huenda umeme umekatika katika saketi hiyo, au redio imezibwa na ukuta wa zege, au kituo kikuu kimezimwa. Kiswahili kina neno lililokomaa kwa hali hii, ambalo kila mwenye simu amelisikia likisemwa na sauti ya mashine: haipatikani. Kutopatikana ni ugonjwa wa mawasiliano. Kuharibika ni ugonjwa wa mwili wa kifaa. Kati ya hizo mbili iko hitilafu, yaani swichi inayofanya kazi leo na kesho ikakataa. Mfasiri asiyezitenganisha hali hizi tatu atasababisha swichi nzima ing'olewe ukutani na kutupwa, na mpya itakayowekwa isipatikane vile vile.

Na ikiwa kweli imekufa, tunakutana na kitenzi kubadilisha. Katika karatasi moja kimetumika kwa mambo matatu: kuondoa swichi na kuweka nyingine, kurekebisha mipangilio ya swichi ile ile, na kuihamishia swichi mpya namba ya ile ya zamani. Jambo hili la tatu si dogo. Katika mtandao wa Z-Wave kila kifaa hupewa namba, na ipo njia ya kuifanya swichi mpya ichukue namba ya iliyokufa, hata ratiba zote za taa zikaendelea bila kuandikwa upya. Katika Zigbee kila kifaa huja na anwani yake ya kudumu ya tarakimu na herufi 16, nayo haihamishiki. Tunapendekeza kubadilisha kubaki kwa mwili wa swichi, kurekebisha kuwa kwa mipangilio, na kurithisha kuwa kwa namba. Aliyekufa hurithiwa, hatuoni kwa nini swichi isirithiwe.

Hapa ndipo linapoingia suala la daftari, na watumishi wa serikali wanaosoma jarida hili watatuelewa upesi kuliko wengine. Karatasi zote zinamwagiza mwenye nyumba “ahifadhi kumbukumbu ya kifaa.” Kumbukumbu ipi? Katika barua zetu Kumb. Na. ni namba ya jalada. Katika kompyuta kumbukumbu ni sehemu ya mashine inayohifadhi data. Katika mkutano ni maandishi ya yaliyosemwa. Mwenye nyumba mmoja atabonyeza kitufe cha kuhifadhi katika simu, mwingine ataandika kwenye karatasi, wa tatu hatafanya lolote. Neno daftari la vifaa lipo, na watunza stoo wamelitumia miaka mingi. Litumike hilo.

Ndani ya daftari hilo neno kifaa lisibebeshwe kila kitu. Kuna mahali, kwa mfano swichi ya mlango wa jikoni. Mahali habadiliki hata swichi ikifa mara tatu. Kuna mwili, wenye namba ya toleo, namba ya mtengenezaji na tarehe ya kufungwa. Kuna anwani katika mtandao, inayoweza kurithiwa au kufa na mwili wake. Na kuna fyuzi au kikata umeme kinachoitawala, ambacho ndicho cha kwanza kuzimwa kabla bisibisi haijagusa ukuta. Volti na masafa ya redio yaandikwe pia: swichi nyingi za Marekani ni za volti 120 tu, na Z-Wave ya huko husema kwa megahezi 908.42 wakati ya Ulaya husema kwa 868.42, kwa hiyo zawadi ya ndugu aliyeko Chicago huenda ikaungua au ikabaki bubu. Mfasiri mmoja ameliacha jedwali la vipimo hivi bila kulifasiri, bila shaka kwa kuona kwamba namba hazihitaji Kiswahili.

Kuna pia msimbo wa kuiunganisha swichi, ambao katika utaratibu wa Matter, uliotolewa mwaka 2022, kwa kawaida huwa na tarakimu 11. Mara nyingi hubandikwa mgongoni mwa swichi, yaani upande unaofichwa na ukuta. Maelekezo ya asili yanasema unakiliwe kabla ya kufunga skrubu. Tafsiri imeiweka sentensi hiyo mwisho kabisa, baada ya skrubu kufungwa na umeme kurudishwa.

Limebaki neno moja ambalo hatujaliamua. Kitendo cha kuitambulisha swichi mpya kwa kituo kikuu kimefasiriwa kuoanisha, na vijana wa kompyuta wameliridhia. Lakini swichi haioani na kituo kwa wawili wao tu. Huingia katika jamii ya vifaa thelathini au arobaini vinavyopokezana ujumbe. Kusajili lingekaribia zaidi, ila linagongana na kuandika katika daftari, jambo ambalo tumetoka kulitenganisha. Tumewauliza mafundi watatu: wa kwanza alisema kuunga, wa pili kuingiza, wa tatu alisema yeye huibonyeza tu mpaka taa yake ndogo iwake kijani.