Mzigo wa Mbwa Safarini

Kumfungashia mbwa mizigo ya safari ni ustadi, na pwani ya kusini ya Kenya, huko Kwale, ndiko unakopimwa barabara. Mtu mzima akisahau mswaki atanunua mwingine Ukunda. Mtoto akishikwa na kiu atalia mpaka apewe maji. Mbwa atalala tu chini ya kiti na kuvumilia, na wewe hutajua mpaka ameshalegea. Kwa hiyo anayemfungashia hana budi kuitembea safari nzima kichwani kabla ya kufunga zipu: hapa jua litampiga ubavu gani, pale foleni itasimama muda gani, na tukifika, nani atakuwa uani.

Mjuzi wa kazi hii ninayemfahamu ni mzee mmoja wa Mwabungo, Mdigo, anayetunza nyumba ya watu ambao hawasafiri bila mbwa wao. Kwake mwenyewe hafugi mbwa, na mate ya mbwa yakimgusa huosha kama dini yake inavyomtaka. Lakini katika kupanga mzigo huu sijaona wa kumshinda. Huanza kwa kutandaza leso kuukuu sakafuni. Leso hiyo mbwa ameilalia siku nyingi na haifuliwi makusudi, maana harufu ya nyumbani humtuliza mnyama akiwa garini. Halafu hulichukua dumu la lita 5, hulifungua na kunusa mdomo wake. Dumu lililowahi kutiwa mafuta ya taa halisafishiki. Utalisuuza mpaka uchoke, na mbwa ataweka pua mara moja na kugeuza uso. Likimridhisha, hulijaza maji na kulisimamisha pembeni, kwani halichanganywi na kitu kingine.

Vitu huingia mfukoni kinyumenyume, cha mwisho kutumika kikitangulia. Chini kabisa unga na dagaa, kile kile anachokula mbwa nyumbani, kwa sababu tumbo la mbwa likibadilishiwa chakula ghafla huharisha, na kuharisha njiani ni balaa kwa kila aliyemo. Katikati taulo na dawa ya kupe. Juu ya vyote bakuli. Mnyororo hauingii mfukoni kabisa. Huo ni wa mkononi.

Maji ndiyo nusu ya ustadi wenyewe. Mbwa wa kilo 20 hunywa kama lita 1 kwa siku ya kawaida, na joto la Pwani huzidisha. Hatoi jasho mwilini kama sisi. Hupoza damu kwa kutweta, na kila pumzi inayotoka inatoka na maji yake. Anayetoka Mombasa kwa feri ya Likoni aombe foleni fupi lakini afungashe kwa ajili ya ile ndefu. Tangu kufunguliwa barabara ya Dongo Kundu, inayotoka Miritini hadi Kibundani bila kugusa feri, wenye mbwa wana njia ya kukwepa kusimama juani, na ningewashauri waitumie. Gari lililofungwa vioo, jua likiwa wazi na joto la nje nyuzi 30, hupita nyuzi 40 ndani kabla ya nusu saa. Joto la kawaida la mwili wa mbwa ni nyuzi 38 hadi 39, hivyo humo ndani hana tena pa kulitupia joto lake. Hakuna kitu cha kufungasha kinachoponya hilo. Mbwa haachwi garini, basi.

Nirudi kwenye bakuli, maana hapo ndipo Kwale inapomfundisha mgeni adabu. Wengi wa wenyeji wa mwambao huu ni Waislamu wa madhehebu ya Shafii, na kwao chombo kilicholambwa na mbwa huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Mgeni anayefika Msambweni na kumnywesha mbwa wake kwa bakuli alilolikuta jikoni amemwachia mpishi kazi ngumu na kinyongo juu yake. Mzee wa Mwabungo amelitoboa bakuli la mbwa tundu ukingoni na kulitia kamba nyekundu, ili asiye mwenyeji wa nyumba asije akalichanganya na vyombo vya watu. Kamba ile ni ya bei ya chini kuliko kitu chochote mfukoni, na mimi naihesabu kuwa ndiyo yenye hekima kuliko vyote.

Mtu asidhani kwamba adabu hii ni chuki kwa mnyama. Kila Ijumaa watu husoma Sura ya Al-Kahf, na humo wamo vijana waliokimbilia pangoni na mbwa wao, aliyelala kizingitini amenyoosha miguu ya mbele. Alihesabiwa pamoja nao. Ipo pia hadithi ya mtu aliyeshuka kisimani, akajaza kiatu chake maji na kumnywesha mbwa aliyekuwa akifa kwa kiu, akasamehewa dhambi zake. Watu wanaojua visa hivyo hawamnyimi mbwa maji. Wanataka tu anywe kwenye chombo chake, na anayekuja na chombo hicho hupokewa vizuri.

Kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa iwe mahali ambapo mkono unafika upesi. Chanjo ya kwanza hudungwa mbwa anapofikisha miezi 3, kisha hurudiwa, na haimkingi siku hiyo hiyo. Kwa hiyo kumpeleka kwa daktari wa mifugo usiku wa kuamkia safari ni kuchelewa. Karibu wote wanaokufa kwa ugonjwa huu duniani wameupata kwa mbwa, na Kenya imejiwekea mwaka 2030 kuwa ndio wa kuumaliza. Kando ya kadi, mzee huweka kipande cha sabuni ya mche. Nilidhani ni ya kumwogesha mbwa. Kumbe ni ya watu: mtu akiumwa au kuparuzwa na mbwa yeyote, jeraha huoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 nzima, ndipo aende hospitali kutafuta chanjo. Ugonjwa ukishaonyesha dalili, karibu hakuna anayepona, kwa hiyo dakika hizo 15 zina thamani kubwa. Tena sabuni ya mche inapatikana kila duka.

Anayeendelea hadi Lunga Lunga kuvuka kwenda Tanga afungashe karatasi zaidi: cheti cha afya kutoka kwa daktari wa mifugo wa serikali, na kibali cha Tanzania cha kumwingiza mnyama. Ashughulikie mapema, foleni ya mpakani si pa kuanzia.

Sasa mnyororo. Diani ina mbega, kima wa rangi nyeusi na nyeupe ambao msitu wao umemegwa na hoteli na nyumba mpaka wanalazimika kushuka chini na kuvuka barabara. Shirika la Colobus Conservation, lililoanzishwa mwaka 1997, limewatundikia madaraja ya kamba juu ya barabara ili wasigongwe na magari. Lakini mbega akishuka mti na kukutana na mbwa asiyefungwa, hakuna daraja la kumwokoa. Ufukweni kuna kasa. Mama kasa huja usiku, hufukia mayai mchangani na kurudi baharini, na mayai hukaa humo kama miezi 2. Pua ya mbwa huyapata haraka, na miguu yake ya mbele hufukua yote kwa muda mfupi. Bahari nayo hutupa bunju waliokufa. Sumu ya bunju haitoki kwa kufa kwake wala kwa kukauka juani, na mbwa mmezaji anaweza kufa kwa mmoja tu. Na kwa wanaopanga kupanda Shimba Hills kuwaona palahala, hifadhi ya wanyamapori si mahali pa mbwa. Apatikane wa kubaki naye.

Ndugu msomaji, likizo ya Desemba magari yatashuka tena kuja kusini, na mbwa wakichungulia madirishani. Karibuni. Ukifika Diani, ushike mnyororo kwanza, ndipo ufungue mlango wa gari.