Kusakifu

Kamusi za zamani zina kitenzi ambacho siku hizi hakisikiki sana: kusakifu. Ni kutandaza chokaa na mawe na kuyagandamiza mpaka yawe sakafu. Asili ya neno ni Kiarabu, na huko lina maana ya paa. Watu wa pwani wakalitumia kwa juu na kwa chini, kwa sababu katika nyumba za mawe za Unguja na Lamu, dari ya aliye chini ndiyo sakafu ya aliye juu. Boriti za mikoko zilipangwa, mawe ya matumbawe yakalazwa juu yake, ikaja chokaa, kisha watu wakashika vipande vya miti wakaponda kwa siku kadhaa huku wakiimba. Wimbo ndio uliopanga mapigo.

Nililikumbuka neno hilo nikiwa nimepiga magoti, msasa mkononi, katika karakana yangu ya uani hapa Tanga. Zamani ilikuwa gereji ya gari la baba. Gari liliuzwa, mimi nikaingiza meza ya useremala, randa, patasi na misumeno. Chini palikuwa na jamvi la zege lililopigwa niru, na niru ile ilikuwa imeanza kuchakaa: kila ukifagia, vumbi la saruji linafuka, na ukifagia tena, linafuka lile lile.

Asiyefanya kazi ya mbao anaweza kuona vumbi la sakafu ni jambo dogo. Mimi nimepaka vanishi mlango wa mninga jioni, nikafunga karakana kwa uangalifu wote, na asubuhi nikakuta uso wa mlango una chembe kama semolina. Vumbi lile halikutoka barabarani. Lilikuwa limeinuliwa na miguu yangu mwenyewe likatua pale vanishi ilipokuwa mbichi. Tangu siku hiyo nimeamini kwamba sakafu ni kifaa cha kwanza cha karakana, kabla ya randa na kabla ya meza. Kila kilichomo kinasimama juu yake, na kila kinachodondoka kinaishia kwake.

Basi nikaipaka rangi. Nilinunua galoni mbili, nikafagia, nikapaka katikati ya masika. Ilipendeza kwa wiki chache. Kisha ikaanza kuvimba kwenye pembe ya kusini, ikapasuka na kubanduka kwa magamba, na chini ya magamba palikuwa na unga mweupe wa chumvi. Niliumia, maana nilikuwa nimetumia fedha na siku zangu mbili za mapumziko.

Jirani akanielekeza kwa mzee mmoja fundi wa sakafu, mtu aliyepiga niru katika nusu ya nyumba za mtaa wetu. Nilimwamkia, akaitikia, akaingia bila kusema neno. Hakuitazama rangi. Aligeuza nyundo na kuanza kugonga sakafu kwa mpini, hatua kwa hatua, sikio ameliinamisha. Sehemu nyingi zililia kwa sauti nzito, lakini mahali pawili palilia kama debe. Pale niru ilikuwa imeachana na zege. Akapachora kwa chaki. Kisha akachovya vidole kwenye kikombe cha maji akanyunyiza. Matone yakabaki yamesimama juu, hayanyweki.

“Hii niru imekuwa kioo, mwanangu,” akasema. “Rangi itashika wapi?”

Hapo ndipo nilipoanza kuiheshimu kazi yenyewe. Niru ni ustadi mkubwa: fundi husubiri plasta ivute maji, hunyunyiza saruji, kisha hukandamiza kwa mwiko wa chuma mpaka uso unang’aa. Wakati ni kila kitu. Akiwahi, maji hupanda juu na kuacha utando dhaifu ambao baadaye hugeuka vumbi. Akichelewa, mwiko haukati. Niru ya sebuleni iliyotiwa poda nyekundu na kusuguliwa nta haihitaji rangi wala kitu kingine, na nasema hivyo kwa moyo wote, kwa kuwa nimekulia juu yake nikimwona mama akiisugua kwa kipande cha blanketi. Ila karakana ina mafuta, ina vyuma vinavyoanguka, mara nyingine ina tairi. Inahitaji ngozi ya pili, na ngozi hiyo haishiki juu ya kioo.

Jambo la pili alilonionyesha lilikuwa nje ya karakana kabisa. Alinitoa, akanizungusha hadi nyuma ya ukuta wa kusini, akanyoosha kidole juu. Mfereji wa bati ulikuwa umetoboka, na maji ya paa yalikuwa yakimwagika kwenye msingi masika baada ya masika. Zege limejaa vinyweleo. Hunyonya maji ya ardhini kama utambi unavyonyonya mafuta ya taa, na maji yakifika juu hukauka yakaacha chumvi zake. Rangi ikiwa imeziba njia, huvimba. Pembe ile haikuwa imeharibiwa na rangi mbaya. Ilikuwa inasukumwa kutoka chini.

Tukaziba mfereji, tukachimba mtaro wa kuondoa maji, kisha tukangoja. Kungoja huku ndiko watu wengi hukuruka. Zege jipya huhitaji kama siku 28 kabla ya kupakwa, na la kwangu, ingawa lilikuwa la miaka mingi, lilihitaji kiangazi kizima. Kila baada ya wiki chache nilibandika kipande cha nailoni angavu, kama sentimita 45 kila upande, nikaziba kingo zote kwa utepe wa gundi na kukiacha kwa saa 16 au zaidi. Mara mbili nilikuta umande kwa ndani. Mara ya tatu ilikuwa kavu, na zege chini yake halikuwa limegeuka rangi.

Kusugua kulichukua siku mbili. Wengine humwagia tindikali, lakini mzee hakuipenda ndani ya chumba kisicho na madirisha makubwa, na nilikubaliana naye. Tulitumia grenda yenye kikombe cha almasi, tukiwa tumevaa barakoa halisi, kwa sababu vumbi la zege huharibu mapafu na uharibifu huo haurudi nyuma. Pale palipolia kama debe tulibomoa na kujaza upya. Mafuta ya zamani ya gari tuliyaosha kwa sabuni kali mara tatu. Mwishoni mzee akanyunyiza maji tena, na safari hii yakanyweka papo hapo, sakafu ikawa na mguso wa msasa laini.

Rangi tuliyopaka safari hii ilikuwa epoksi, nayo ina historia ya ajabu. Pierre Castan, mkemia wa Uswisi, aliifanyia kazi katika miaka ya 1930 kwa ajili ya meno ya bandia. Huja katika mikebe miwili, utomvu na kigumishi, na vikikutana haviachani tena. Joto letu huharakisha mambo, na mchanganyiko ukiachwa umejaa ndooni hujipasha wenyewe ukaganda. Kwa hiyo tulikoroga kidogo kidogo na kumwaga sakafuni mara moja. Tulianza saa tisa alasiri, zege likiwa limeanza kupoa, kwa sababu zege linalopashwa na jua hupumua nje na kuacha mapovu kwenye rangi. Hatukuthubutu kuchelewa pia, maana usiku wa pwani huleta umande. Tulianzia pembe ya ndani, rola kwa rola, tukarudi kinyumenyume hadi mlangoni. Kesho yake tukapaka mkono wa pili na kunyunyiza mchanga mwembamba mbele ya meza ili miguu isiteleze.

Nilichagua kijivu cheupe. Skrubu ndogo ikidondoka naiona nikiwa nimesimama, na mwanga wa dirisha hurudi juu hadi chini ya meza, mahali ambapo zamani nilihitaji tochi.

Niliacha siku saba kabla ya kurudisha mashine nzito. Masika matatu yamepita sasa, na pembe ya kusini haijavimba.

Mzee bado yupo, lakini magoti yamemchoka, na sijaona kijana anayefuatana naye. Duka lolote litakuuzia epoksi. Kugonga sakafu na kuisikia inakwambia nini hakuuzwi dukani. Kama mtaani kwako yupo fundi wa namna hii, na nyumbani kwako yupo kijana anayejifunza ujenzi, mpeleke kwake angali hai.