Ruta Tatu na Fiba Iliyolala

Januari 2014 mafuriko yalikata barabara kwenye daraja la Mto Mkundi, pale Dumila, na magari ya Dodoma na Morogoro yakasimama. Dereva aliyepata habari akiwa bado Dodoma mjini angeweza kushika njia ya Mtera hadi Iringa, ateremke Kitonga, apite Mikumi. Anayekwenda kwa kuuliza kituo hadi kituo, Kibaigwa kisha Gairo, angeukuta mto.

Ruta za zamani, vifaa vinavyoelekeza data mtandaoni, zilikuwa kama huyo dereva wa pili: kila moja ilitegemea neno la jirani, na habari mbaya ilichelewa. Mwaka 1980 John McQuillan na wenzake walieleza dawa waliyoitumia kwenye ARPANET, mtandao wa Marekani uliotangulia intaneti. Kila ruta itangaze hali ya viungo vyake tu, tangazo lienee kote, kisha kila moja ichore ramani nzima na kukokotoa njia fupi kwa kanuni aliyoichapisha Edsger Dijkstra mwaka 1959. Itifaki ya OSPF imerithi wazo hilo.

Tuchukue ruta tatu za zoezi, tuziite Dodoma, Iringa na Morogoro. Dodoma–Iringa na Iringa–Morogoro ni fiba ya gigabiti 10 kwa sekunde. Dodoma–Morogoro ni maikrowevu ya megabiti 100. Unawasha OSPF, poti zote unaziweka eneo 0, majirani wanasalimiana, pingi inajibu. Ukiangalia mzigo sasa, wote wa Dodoma kwenda Morogoro umebanana kwenye maikrowevu, fiba imelala.

Kosa liko kwenye gharama, namba ambayo OSPF hupimia urefu wa njia. Ruta nyingi, zikiachwa zilivyotoka kiwandani, hugawanya megabiti 100 kwa uwezo wa kiungo. Maikrowevu inapata 1. Fiba ingestahili 0.01, ila gharama haishuki chini ya 1, kwa hiyo nayo inapata 1. Moja kwa moja ni 1, kupitia Iringa ni 2. Dijkstra hajakosea, kipimo alichopewa ni cha enzi ambayo megabiti 100 zilikuwa kasi kubwa.

Inua kipimo hicho cha rejea hadi megabiti 100,000. Maikrowevu inakuwa 1,000, kila fiba 10, na njia ya Iringa inashinda kwa 20. Hapa ndipo wengi wanapoteleza: wanabadilisha Dodoma peke yake. Dodoma inaona 1,000 dhidi ya 11, inapeleka kwa fiba. Morogoro bado inaona 1 dhidi ya 2, inarudisha kwa maikrowevu. Kila ruta hutangaza gharama ya poti zake za kutokea, basi badilisha zote tatu, usiku uleule.

Kisha chomoa fiba ya Iringa–Morogoro. Poti zikizimika, tangazo linatoka papo hapo. Lakini kukiwa na swichi katikati, poti hubaki inawaka, na ruta husubiri ukimya wa sekunde 40, kwa salamu za kila sekunde 10, ndipo imhesabu jirani kuwa hayupo. Kwa jiji la Dodoma, ambako wizara za serikali zimehamia eneo la Mtumba, sekunde 40 ni nyingi. Na mzigo ukishahamia maikrowevu, OSPF haiulizi kama megabiti 100 zinatosha. Huduma zipi zitangulie, mhandisi awe ameshaamua kabla fiba haijakatika.