BENZINI AU BENZENI? Uhakiki wa Istilahi Moja ya Kemia

Katika kazi yetu ya kupitia tafsiri tuliletewa mwongozo wa usalama wa mafundi wa karakana. Ukurasa mmoja uliagiza kwamba benzini iwekwe mbali na moto. Kurasa chache mbele ulionya kwamba benzini huleta saratani ya damu. Tulipolinganisha na matini ya asili tuliona kwamba neno la kwanza lilikusudia petroli, na la pili kemikali nyingine kabisa. Mfasiri alikuwa ametumia neno moja kwa vitu viwili. Fundi aliyeshika petroli miaka ishirini atasoma onyo hilo, atajitazama mikono, kisha atalipuuza. Hapo kosa la istilahi limekwisha kuwa kosa la afya.

Hebu kwanza tuvitenge vitu vyenyewe. Petroli ni mchanganyiko wa haidrokaboni nyingi, wala haina fomula moja. Kemikali tunayoizungumzia ni kitu kimoja: atomi 6 za kaboni zilizofungamana katika duara, kila moja na atomi yake ya haidrojeni. Fomula yake ni C6H6, nayo huchemka kwenye nyuzi 80 za sentigredi. Ni kweli kwamba huwamo kidogo ndani ya petroli; nchi za Umoja wa Ulaya ziliweka ukomo wa asilimia 1 kuanzia mwaka 2000. Hata hivyo chumvi nayo imo katika mchuzi, na hatujasikia mtu akiuita mchuzi chumvi.

Mkanganyiko huu haukuanza kwetu. Wajerumani na Waturuki huita petroli Benzin, Waitalia benzina, na Waarabu wengi husema banzin. Mfasiri afanyaye kazi kutoka lugha hizo hulibeba neno pamoja na maana yake. Afasiriye kutoka Kiingereza hulifuata tamko la jina la kemikali, naye pia akaandika benzini. Wawili hao hukutana katika neno moja bila kujua kwamba hawasemi jambo moja.

Asili ya jina iko karibu nasi kuliko wengi wadhanivyo. Wafanyabiashara wa Kiarabu waliuita utomvu wenye harufu nzuri wa Sumatra luban jawi, yaani ubani wa Java. Wazungu wa kusini walidhani silabi ya kwanza ni kibainishi tu, wakaiacha; kilichobaki kikageuka benzoin. Waswahili nasi tuliiangusha l ya luban tukapata ubani. Basi ubani wa chetezoni na jina hili la maabara ni ndugu wa shina moja. Wale wasemao kwamba neno limetokana na Karl Benz, mtengenezaji wa magari, wamekosea: Benz alipata hataza ya gari lake mwaka 1886, na jina lilikwisha kuwapo nusu karne kabla yake.

Faraday wa Uingereza ndiye aliyeitenga kemikali hii mwaka 1825. Mnamo mwaka 1833 Mitscherlich wa Ujerumani aliipata kwa kukanza asidi ya utomvu ule pamoja na chokaa, akaiita Benzin. Mwenzake Liebig akalipinga jina hilo, kwa hoja kwamba tamati yake huifanya ionekane jamaa ya kwinini na strikinini, akapendekeza Benzol. Tunaikubali hoja yake kuliko dawa yake. Leo tamati -oli ni alama ya alkoholi, kama methanoli na ethanoli, na kemikali hii si alkoholi.

Wako waliotushauri tuseme mafuta ya ubani. Shauri hilo linapendeza sikioni, lakini halifai. Siku hizi kemikali hii hutokana na petroli ghafi na makaa ya mawe, si utomvu. Tena ubani kwetu ni neno la maulidi na la rambirambi. Si vema kulibandika kwenye chupa ya sumu.

Linabaki benzeni. Faida yake ni kwamba hufuata maandishi ya jina la kimataifa badala ya tamko la Kiingereza, hivyo hulingana na etheni na propeni, na huiacha benzini peke yake. Mkosoaji anaweza kusema kwamba tamati -eni humfanya mwanafunzi aidhanie kuwa alkeni ya kawaida, hali duara lile lina tabia yake. Hoja hiyo ni ya haki, lakini dosari hiyo imo katika jina la kimataifa lenyewe, na mwalimu anaweza kuieleza kwa sentensi moja. Dosari ya benzini haielezeki kwa fundi ambaye hayumo darasani.

Kwa hiyo tunapendekeza: kemikali C6H6 iitwe benzeni, mafuta ya gari yaitwe petroli, benzini isitumike katika maandishi rasmi kwa maana yoyote, na mfasiri akutanaye na Benzin ya Kijerumani aandike petroli, na akutanaye na Benzol aandike benzeni. Walimu na wafasiri wenye hoja tofauti watuandikie. Herufi moja ni kitu kidogo, lakini hapa ndiyo itenganishayo tangi la gari na chupa ya sumu.