Chembe za fedha si maji ya mwarobaini

Mwarobaini ulipewa jina linaloahidi kutibu maradhi arobaini, na ahadi hiyo hututia matatani kila sayansi inapotafsiriwa. Mwaka 2004 watafiti wa India walieleza namna majani yake yanavyotumiwa kuunda chembe nano za fedha. Habari za aina hii zikifika kwa msomaji wa Kiswahili, aghalabu huwa zimegeuka "dawa mpya ya mwarobaini". Hapo ndipo ninapotofautiana na wanahabari wetu.

Tutazame kitendo chenyewe. Majani huchemshwa, maji yake yakachujwa na kuchanganywa na nitrati ya fedha. Kemikali za jani huzigeuza ayoni za fedha kuwa chembe ndogo mno (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), kisha huzivika ili zisigandamane. Baadaye antibiotiki hupachikwa juu yake, nazo huibeba kama punda wa mizigo. Kazi ya jani hapo ni ya fundi wala si ya tabibu. Na tuandike "madini ya fedha", jamani, msomaji asidhani ni pesa!

Hapa Awendo suala hili lina uzito zaidi. Katika Dholuo, yath ni mti na ni dawa pia. Kiswahili hutenganisha viwili hivyo, ila neno "mitishamba" limevirudisha pamoja. Mkulima wa miwa akisikia redioni kwamba mwarobaini "unaua bakteria sugu", atasema: si niuchemshe tu? Hana kosa. Sentensi haikumwambia kwamba kuna maabara katikati, wala kwamba sehemu kubwa ya kazi hii bado haijatoka humo.

Kuna pia huo "usugu". Husemwa "mwili umezoea dawa". La hasha! Bakteria ndio wanaokuwa sugu, na wanaweza kumwingia mtu ambaye hajawahi kumeza kidonge hicho. Mwaka 2019 usugu huo ulisababisha moja kwa moja vifo takribani milioni 1.27 duniani. Kuulaumu mwili ni kumfunika mhalifu.

"Dawa ya kuua viini" nayo hujumuisha virusi, ndiposa mwenye mafua huomba amoksilini. "Kiuavijasumu" ni istilahi ya vitabuni, na inatia sumu hata kwa bakteria wasio na madhara. Mimi nashikilia "antibiotiki" katika maandishi. Dukani tuseme "dawa ya bakteria": muuzaji ataelewa, na mwenye mafua atajua hahusiki.