Makali Hayaonekani

Simama dirisha likiwa nyuma ya bega lako, saa mbili asubuhi, wakati jua la Doha limeshakuwa jeupe. Shika wembe mgongo chini, makali juu, uugeuzegeuze polepole. Ukiona uzi mwembamba unaong'aa pale makali yanapotakiwa kuwa, au vitone vya mwanga kama chembe za chumvi, basi hapo pana butu. Penye makali ya kweli mwanga hauna pa kutua, na utaona weusi mtupu kuanzia kisigino hadi ncha. Anayeanza kunoa hufurahia wembe unaometameta. Mng'ao wa bapa ni urembo tu. Mng'ao wa ukingoni ni kasoro.

Nazungumzia wembe wa kukunja, ule unaoingia kwenye kipini chake. Kwa vinyozi wa mitaa ya Najma na Mansoura hapa Doha ninakopita, utakuta kishikio chenye wembe mwembamba uliovunjwa nusu, unaotupwa akishanyolewa mtu mmoja. Wanafanya vyema, kwa kuwa damu hubeba homa ya ini na mengine. Wembe wa kukunja ni wa mtu mmoja, na mwenyewe ndiye fundi wake. King Gillette alipopata hataza ya wembe wa kutupa, Marekani mwaka 1904, alituondolea kazi ya kunoa. Pamoja na kazi hiyo, aliondoa pia jicho la kuyajua makali.

Wembe wangu wa kwanza niliuokota sokoni kwenye beseni la visu na mikasi mitumba, nikalipa haraka kwa sababu ulikuwa umegongwa jina la mji wa Solingen. Jina hilo lina uzito: sheria ya Ujerumani imelilinda tangu 1938, ili visu vya kwingineko visilibebe. Ila halikuniambia kwamba mgongo ulikuwa umelika upande mmoja. Na mgongo ndio kila kitu. Juu ya jiwe, mgongo na makali hulala pamoja, na unene wa mgongo ukilinganishwa na upana wa bapa ndio unaopanga pembe ya makali, yapata digrii 16 au 17. Aliyenoa kabla yako akiwa amekandamiza ovyo, utaona ukanda mpana uliosuguliwa mgongoni, mpana zaidi upande mmoja. Wembe wa namna hiyo mkomavu ataumudu. Anayeanza utamfundisha makosa.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, laza wembe juu ya kioo cha meza. Ukitikisika, umepinda. Angalia makali kwa ubavu: yakinyooka ni sawa, yakibenuka kidogo kama tabasamu ni sawa pia, lakini yakibonyea katikati, urudishe. Kutu ya juu ya bapa husafishika. Vishimo vyeusi vilivyofika ukingoni havina dawa, maana kila ukinoa utafukua kingine.

Sisi tuliokulia pwani tumezoea kuona kisu kikinolewa kwenye ngazi ya mawe au kitakoni mwa kikombe, mkono ukiinua mgongo kidogo. Mkono huo una hekima yake, lakini ni hekima ya kisu. Wembe ukiinuliwa mgongo hata unene wa karatasi, makali yanajikunja. Wala ukienda likizo nyumbani usimpe yule fundi wa kunoa visu kwa baiskeli. Cheche zile ni joto, na chuma chembamba kiasi hiki hupoteza ugumu wake kwa sekunde chache.

Mawe huhesabiwa kama msasa: namba ikipanda, jiwe ni laini zaidi. Lakini jiwe lenyewe lazima liwe bapa kweli. Lichore miraba kwa penseli, weka msasa wa maji juu ya kioo kinene, sugua mpaka penseli ifutike yote. Palipobaki alama ni bonde, na wembe hautagusa hapo.

Sasa jiwe la 1000. Hapa ndipo wembe hupatikana au hupotea, na hapa ndipo wengi hukosa subira. Paka wino wa maka ukingoni pande zote mbili, pitisha wembe mara tano tu, makali mbele, ukigeuzia mgongoni kila unapofika mwisho wa jiwe. Uzito uwe wa wembe wenyewe na kidole kimoja. Kisha tazama. Wino uliobaki unakuonyesha mahali ambapo hujafika, na kwa kawaida ni karibu na kisigino au kwenye ncha. Huna haja ya kubahatisha. Endelea mpaka wino uondoke sawasawa, mpaka nywele za mkono zikatike zikiguswa na sehemu yoyote ya makali, na mpaka ule uzi wa mwanga dirishani utoweke. Mara ya kwanza ilinichukua Ijumaa tatu. Ningelikwenda kwenye jiwe la 8000 Ijumaa ya kwanza, ningeling'arisha butu.

Baada ya hapo kazi ni nyepesi. Jiwe la 4000 hufuta mikwaruzo ya 1000, la 8000 hufuta ya 4000, na kwa 8000 unaweza kunyoa vizuri. Nunua lenzi ya sonara ya kukuza mara 10 kabla ya kununua jiwe la 12000. Mkanda wa ngozi hufuata: pitisha wembe mara 50 au 60, sasa mgongo ukitangulia, mkanda ukiwa umevutwa usilegee. Mkanda uliolegea huyaviringa makali uliyoyahangaikia.

Doha ina adui wake. Mwezi wa nane, ukitoka kwenye chumba cha kiyoyozi na kitu cha chuma, kinatoka jasho mkononi. Kausha wembe, upake mafuta ya cherehani, usiuhifadhi bafuni. Mafuta ya nazi hayafai hapa: kiyoyozi kikishusha joto chini ya nyuzi 24, huganda.

Jaribio la mwisho ni shavu. Kwetu wenye ndevu za kujikunja, unyoaji wa karibu mno si sifa, kwani unywele uliokatwa chini ya ngozi hujipinda ndani na kuleta vipele. Usipime wembe kwa ulaini wa kidevu ukienda kinyume na ndevu. Pitisha mara moja tu, kuelekea zinakoota, ukisikiliza kama unavuta. Mimi huzima kiyoyozi kwanza. Wembe uliokamilika una sauti kavu, ndogo, isiyokatika, kama karatasi inayopasuliwa polepole chumba cha pili. Sauti ikinyamaza katikati ya shavu, nasuuza povu, napaka wino, narudi kwenye 1000.